Mwambie Yule Anayemlisha Mtoto Wako

Huku Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, kazi huanza mapema. Wamama wengine wanakwenda kununua samaki kwa wavuvi, wengine wanakwenda shambani. Watoto wadogo wanabaki na nkambo, au na yaya yao, au na jirani. Desturi hii ni njema. Lakini mama asiondoke kabla ya kusema jambo moja: ni chakula gani kinachomdhuru mtoto wake.

Watoto wengi wanakula kila kitu bila shida. Lakini wako wachache ambao mwili wao unakataa chakula fulani, ingawa chakula chenyewe ni kizuri na safi. Ugonjwa huu unaitwa aleji. Vyakula vinavyouleta mara nyingi ni karanga, mayai, maziwa ya ng'ombe, samaki, soya na ngano. Huu si uchawi, wala si mwiko wa ukoo, wala si ukaidi wa mtoto.

Mwaka 1902 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walimpa mbwa sumu kidogo ya mnyama wa baharini, wala hakufa. Siku nyingi zikapita. Walipompa tena sumu ileile, kidogo tu, akafa upesi. Wakafahamu ya kuwa mwili unaweza kukumbuka kitu, na kupigana nacho kwa ukali zaidi mara ya pili. Kwa hiyo usiseme, “Juzi alipata vipele tu, leo haitakuwa neno.”

Dalili zake ni hizi. Mara nyingi zinaanza baada ya dakika chache, au kabla ya saa mbili kupita: mwili unawasha na kutoka vipele, midomo au macho yanavimba, mtoto anatapika. Dalili za hatari ni kupumua kwa shida, sauti kukauka, ulimi kuvimba, mwili kulegea na kuzimia.

Sasa fikiri habari hii. Mama anamwachia jirani mtoto wake na kusema, “Asipewe karanga.” Jirani anakubali kwa moyo mwema. Mchana anapika bukari na sombe, na ndani ya sombe anatia karanga zilizotwangwa. Yeye alidhani mama alisema karanga za kukaanga tu. Mtoto anakula, na pumzi inaanza kumkatika. Nani ana kosa? Jirani hakuwa na nia mbaya. Neno lenyewe lilikuwa fupi mno.

Afadhali mama aseme hivi: “Mama, mtoto huyu hawezi kula karanga hata kidogo, wala za kukaanga, wala katika sombe, wala katika uji. Akila, midomo inavimba na pumzi inakatika. Ukiona hivyo, umkimbize hospitali, usiningoje mimi.” Neno hili lina mambo matatu: chakula, dalili, na la kufanya. Umwombe jirani alirudie, upate kujua amelisikia vema. Uwaambie pia watoto wakubwa wa nyumba ile, kwa sababu wao ndio wanaogawa vipande vya chakula. Kinu, sufuria na mikono vioshwe kwa sabuni. Kupika hakuondoi hatari ya karanga.

Liandikwe pia katika karatasi ya kupimia mtoto uzito. Hata mganga aambiwe, kwa maana chakula cha pakiti wanachopewa watoto waliokonda sana mara nyingi kimetengenezwa kwa karanga na maziwa.

Lakini angalieni, wazazi. Msimkataze mtoto chakula kwa kudhani tu. Samaki, mayai na karanga ndivyo vinavyojenga mwili. Mtoto akinyimwa vyote na kulishwa bukari tupu, anaweza kukonda au kuvimba miguu kwa kwashakoo. Ukishuku chakula kimoja, acha hicho kimoja, umpeleke mtoto kwa mganga, ueleze alikula nini na dalili zilianza lini.

Hatari ikitokea, fanya hivi:

1. Mlaze mtoto, uinue miguu yake. Kama anapumua kwa shida, aketi. Kama amezimia lakini anapumua, alale ubavu. Asisimamishwe wala asitembezwe.
2. Usimnyweshe mafuta, maziwa wala dawa ya kutapisha.
3. Umchukue hospitali mara moja. Dawa yake ni sindano ya adrenalini katika paja. Vidonge vya kuzuia kuwasha havitoshi.
4. Akipata nafuu, msiharakishe kurudi nyumbani. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa chache.

Mama, kesho asubuhi, kabla ya kuchukua kikapu chako, ngoja kidogo mlangoni pa nkambo. Sema neno lile tena, hata kama ulilisema jana.