Gofu Marekani: Kadi Yazidi Kombe kwa Thamani

Fainali ya msimu ya Korn Ferry Tour, daraja la pili la gofu ya kulipwa Marekani, ni soko la kadi. Mwaka 2024, huko French Lick, Indiana, mshindi alipata dola 270,000 kutoka fungu la milioni 1.5. Hata hivyo, bidhaa inayogombewa zaidi ni kadi ya kuchezea PGA Tour, ambako shindano moja huweza kugawa dola zaidi ya milioni 8.

Kadi hutolewa kwa jumla ya pointi za msimu mzima. Mwaka 2024 zilikuwa 30. Mwaka 2025 zikapunguzwa hadi 20. Anayemaliza wa 21 hubaki chini, akijilipia nauli, hoteli na mbeba vifaa. Gharama hazipungui; mapato ndiyo hubaki madogo.