Taa ya Flashi Ikikataa Kuwaka

Bwana na bibi arusi wamekwisha kaa mbele ya kamera. Mpiga picha abonyeza, na flashi haiwaki. Wengi hapo hukimbilia bisibisi. Wasithubutu! Ndani ya taa hiyo mna kapasita, yaani kihifadhi cha umeme, ambayo huweza kushika mamia ya volti hata baada ya plagi kung'olewa ukutani, na mtu akiigusa aweza kufa.

Kwanza yafaa abonyeze kitufe cha kujaribia kilicho katika taa yenyewe. Ikiwaka, taa ni nzima. Basi autazame waya uendao kwenye kamera. Mara nyingi waya huo hukatika ndani, karibu na ncha, kwa kukunjwa kila siku, wala nje hauonyeshi alama yoyote. Ajaribu waya mwingine. Kama anatumia kifaa cha redio, abadili betri.

Pengine flashi huwaka lakini upande mmoja wa picha hutoka mweusi. Hilo si kosa la taa: pazia la kamera limekwenda mbio mno. Kamera nyingi hupatana na flashi kwa 1/125 ya sekunde.

Isipowaka hata kwa kitufe, naye amehakikisha umeme wafika, ipelekwe kwa fundi ikiwa imefungwa vivyo hivyo.