Sura ya Sita: Kuitania Lakers

Vijana wanaotaka kuandika posti za mzaha kuhusu timu za NBA hunijia karibu wote na imani moja: kwamba kazi hii ni kudanganya kwa ustadi, na aliyenasa wengi ndiye bingwa. Wananionyesha skrinishoti za watu walioamini, wakijisifu. Huwa naudhika. Posti inayoaminiwa na kila mtu mpaka mwisho si mzaha, ni uzushi. Mzaha humtaka msomaji kwanza ashtuke, kisha, kabla sentensi haijaisha, agundue nani anataniwa na kwa lipi. Hatua hiyo ya pili ikikosekana, umewapotezea watu muda.

Nimepanga kueleza mambo matatu: umbo, hesabu na wakati. Umbo halitatuchelewesha. Adrian Wojnarowski, aliyeachana na ESPN mwaka 2024, na Shams Charania aliyeshika nafasi yake, wamewazoesha mashabiki aina moja ya habari: timu hii inatoa hiki, ile inatoa kile, vyanzo vimethibitisha. Hakuna alama za mshangao wala vikatuni vya kucheka. Iga ukavu huo.

Hesabu ndipo wengi wetu tunapoanguka, kwa sababu tumelelewa na soka. Nasoma posti eti Lakers wamemnunua fulani kwa dola milioni 80. Nani kauza? Katika NBA timu hazilipani ada ya usajili ya namna hiyo. Hubadilishana wachezaji, pamoja na haki ya kuchagua vijana kwenye drafti za miaka ijayo. Pesa taslimu huruhusiwa, lakini kwa kiwango kidogo kilichowekewa kikomo, na kwa timu zenye mzigo mkubwa wa mishahara, kinachotoka na kinachoingia lazima vioane kwa mujibu wa kanuni. Haki za drafti nazo zina mipaka: huwezi kutoa ya zaidi ya miaka 7 mbele, wala kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo mfululizo. Kanuni hiyo ya mwisho ina jina la Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland Cavaliers mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyegawa machaguo ya timu yake ovyo mpaka ligi ikaingilia kati. Haya yote ni ya nini kwa mtu anayetaka kuchekesha? Shabiki anayajua. Ukikosea, atakucheka wewe, Lakers watapona.

Tazama hii, nimeiandika kwa ajili ya sura hii:

“Habari mpya: Los Angeles Lakers wanaipa Utah Jazz chaguo la raundi ya pili la mwaka 2031. Jazz wanawapa Lakers mchezaji mmoja aliye tayari kurudi nyuma kukaba, vyanzo vimethibitisha.”

Bei inaaminika, timu zipo, mwaka haujavuka mpaka. Kichekesho kimekaa mahali pamoja tu, tena karibu na mwisho, nacho kimebeba lalamiko ambalo mashabiki wa Lakers wenyewe hulitoa timu inapofungwa. Halafu ikate, iforwadi kwenye kundi la WhatsApp bila jina la akaunti: bado inajieleza. Tangu 2025 mtandao wa X unazitaka akaunti za mzaha zijitambulishe waziwazi, na ni vyema, ila lebo mara nyingi hukatwa na skrinishoti. Kichekesho kiwe ndani ya sentensi yenyewe.

Kuna pia hirizi inayoitwa tiki ya bluu. Mpaka leo naambiwa, “Lakini alikuwa na tiki!” Novemba 2022 Twitter ilianza kuitoa kwa dola 8 kwa mwezi, na mara moja akatokea mtu mwenye jina na picha ya LeBron James, tiki juu, akitangaza kwamba anaomba kuondoka Lakers na kurudi nyumbani. Wengi waliamini, na siwalaumu. Lakers walikuwa wameshinda mechi 2 tu tangu msimu uanze, na LeBron, mzaliwa wa Akron, Ohio, aliwahi kweli kutangaza kurudi Cleveland mwaka 2014. Ilikuwa kazi safi ya kughushi. Mzaha haukuwemo, kwa sababu humo ndani hapakuwa na mtu aliyetaniwa.

Sasa wakati. Nilitaka kueleza kwa utaratibu siku ya mwisho ya mabadilishano, ile ya kila Februari, lakini Luka Dončić ananiharibia mpango. Februari 2, 2025, huku kwetu ikiwa Jumapili asubuhi, Charania aliandika kwamba Dallas Mavericks wanampeleka Dončić Lakers na kumchukua Anthony Davis. Dončić alikuwa na miaka 25, na miezi michache nyuma alikuwa ameifikisha Dallas fainali. Watu walidhani akaunti imedukuliwa. Wengine walikagua herufi za jina lake moja moja, wakitafuta ile iliyogeuzwa. Ilibidi Charania aandike tena kwamba ni kweli.

Fikiria mwandishi wa mzaha asubuhi hiyo. Angeandika nini? Dallas walikuwa wamepata chaguo moja tu la raundi ya kwanza, la 2029, pamoja na Davis na Max Christie, kwa mchezaji ambaye wengi waliamini hauziki. Kama ningeletewa hiyo iwe mzaha, ningeikataa kwa kukosa uhalisia. Wale wanaouza kozi za “kutrendi” husema posti upesi, posti mara nyingi, algoriti itakupenda. Upuuzi. Kwa saa kadhaa asubuhi ile kila posti ya mzaha kuhusu Lakers ilizidisha mkanganyiko tu, maana hakuna aliyejua mstari wa kweli uko wapi, na bila mstari huo hakuna cha kuvuka. Siku kama hiyo weka simu chini. Waache mashabiki waamini kwanza kilichotokea, ndipo uwatanie.