Jina la Mfumo wa Kutawanya Majitaka kwa Matone

Fundi asomaye maelezo ya kazi huijenga kazi hiyo kwa kadiri ya maneno aliyopewa. Kwa sababu hiyo, jina la mfumo wa kutawanya majitaka ya nyumbani kwa matone chini ya ardhi si jambo dogo.

Katika mfumo huo majitaka hutuama kwanza katika tangi, mara nyingi hutiwa hewa ili yasafike zaidi, kisha huchujwa. Pampu huyasukuma kwa vipindi katika mipira myembamba, yenye kipenyo cha milimita 13 hivi, iliyofukiwa sentimita 15 hadi 30. Matundu yake, yaachanayo kwa sentimita 60 hivi, hutoa lita 2 hadi 4 kwa saa. Baina ya vipindi udongo hupumzika, hewa huingia, na vijidudu hula uchafu. Ndiyo maana mfumo huu hufaa hata penye udongo wa mfinyanzi. Udhaifu wake ni kuziba: utelezi na mizizi huingia matunduni, na pampu izimapo mipira huweza kuvuta udongo ndani isipokuwa na vali ya hewa. Hivyo yapasa mipira isafishwe mara kwa mara kwa maji ya nguvu.

Sasa lipi liwe jina lake? Mfasiri huweza kuvutwa na "umwagiliaji wa matone" wa wakulima. Lakini kumwagilia ni kumwaga kwa faida ya mmea. Msomaji atafikiri bustani ya mboga, ilhali shabaha hapa ni kuyasafisha maji udongoni. "Kudondosha" hueleza kuanguka, na maji ya udongoni husambaa pande zote, hata kwenda juu; isitoshe, wanaisimu wamekwisha kulitumia "udondoshaji" kwa sauti inayoachwa katika neno. "Kutonesha" lina tone ndani yake, yaani kiasi kidogo. Ni kweli kwamba kidonda nacho hutoneshwa, lakini kitajwapo kinachotoneshwa utata hutoweka.

Kwa hiyo lafaa jina "utoneshaji wa majitaka ardhini kwa vipindi". Maneno mawili ya mwisho si pambo. Yakiachwa, fundi aweza kuiendesha pampu mfululizo. Udongo utakosa pumziko, utajaa maji, na majitaka yatatokeza juu, uani wachezapo watoto.