Nani Ataatamia Vifaa Vyetu vya Tiba?



Akina mama wengi wa Makongolosi wamewahi kukesha wodini na mtoto aliyewekewa dripu. Muuguzi wa zamu ni mmoja, vitanda ni vingi, na mara nyingi mama ndiye anayeita: "Sista, maji hayashuki!"

Dripu inataka hesabu. Ili mtu mzima apate nusu lita kwa saa 4, kwa mpira ambao matone 20 ni mililita moja, yanahitajika matone 42 kwa dakika. Tunayahesabu kwa saa ya mkononi. Mgonjwa akijigeuza, mwendo hubadilika. Maji yakienda mbio, moyo na mapafu ya mtoto hulemewa. Yakichelewa, mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara huzidiwa.

Mashine za kuongoza dripu zipo, lakini ni ghali. Huko Uganda, mhandisi Philippa Makobore na wenzake walibuni kifaa kinachofuatilia matone na kurekebisha mwendo chenyewe. Walikibuni katika UIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda jijini Kampala, na mwaka 2017 kilipata tuzo ya ubunifu ya Afrika.

Kituo atamizi ni nini?

Si kile kisanduku cha joto cha watoto njiti. Jina limetokana na kuku anayeatamia mayai. Ni mahali ambapo kampuni changa hupewa chumba, ushauri na msaada mwingine mpaka isimame yenyewe. Kwetu Tanzania, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ilianzisha kituo cha DTBi, Dar es Salaam, mwaka 2011. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, ina ofisi hadi Mbeya.

Kwa nini fedha za serikali?

Kifaa cha tiba hakiuzwi siku kinapobuniwa. Lazima kipimwe, kijaribiwe kwa uangalifu, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) iridhike kwamba ni salama. Muda wote huo kampuni hula bila kuuza. Mfanyabiashara huchoka kungoja. Serikali nayo ikitoa fedha za mwanzo tu, ni sawa na kuku kuacha mayai siku ya 10 wakati huanguliwa siku ya 21. Hapo hata zile za mwanzo zimepotea. Afadhali kuatamia mayai machache hadi mwisho.

Tena wabunifu waje wodini mapema, hata huku kwetu. Wakae nasi usiku umeme unapokatika, waone vumbi, wasikie muuguzi anasemaje.

Nanyi wazazi, msiguse gurudumu la dripu, mwiteni muuguzi. Na kijana anayefungua redio kila siku msimgombeze tu. Mpelekeni akaulize SIDO.