Kusindikiza Mutu Mpaka ku Dirisha ya Ofisi: Utetezi wa Watu Wenye Ulemavu wa Akili Kwetu



Kila mwaka tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wanaoishi na ulemavu, tunasikia hotuba na tunaona defile. Watu wa viti vya magurudumu wanapita, viziwi wanaonyesha lugha yao ya alama, vipofu wanaimba. Ni vizuri. Lakini kuna kundi moja ambalo karibu hatulioni pale: watu wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji. Wengi wao siku ile wanabaki ku nyumba, sawa siku zingine zote.

Leo nataka kueleza wao ni nani, sheria yetu inasema nini juu yao, na kazi gani iko mikononi mwetu sisi wenye diplome. Naandika kama mutu aliyesoma sheria, lakini kwanza naandika kama kaka: mudogo wangu wa kike, aliyezaliwa mwaka 2004 hapa Bukavu, ana trizomi 21.

1. NI ULEMAVU GANI?

Ulemavu wa ukuaji ni ule unaoanza mapema: tumboni, wakati wa kuzaliwa, ao katika miaka ya utoto. Ubongo unakua kwa namna ingine. Mutoto anachelewa kukaa, kutembea na kusema. Kisha anachelewa kuhesabu, kusoma, ao kuelewa kile wengine wanataka.

Kuna namna mingi. Trizomi 21 ni pale chembe za mwili zina kromozomu 47 pahali pa 46. Watafiti wa Ufaransa, kati yao Jérôme Lejeune, walitangaza jambo hilo mwaka 1959. Otizimu ni ingine: mutoto anasikia vizuri lakini pengine hasemi, ao anarudilia neno moja, ao makelele ya soko inamuumiza kweli kweli. Kuna tena mutindio wa ubongo, ambapo mikono na miguu haiitikii. Hapa tuangalie sana, ju wengi wenye hali hii wana akili timamu kabisa. Ni mwili tu unakataa kutii, na watu wanafikiri hawaelewi kitu.

Haya yote siyo wazimu. Mutu muzima anaweza kushikwa na ugonjwa wa akili, akatibiwa na akapona. Ulemavu wa ukuaji hauambukizi, na hakuna dawa ya kuuondoa. Mutu anaishi nao maisha yake yote, na anaendelea kujifunza maisha yake yote. Hiyo sehemu ya pili njo tunasahau.

2. SIYO ULOZI

Wengi wetu tunajua Idjwi, kile kisiwa kikubwa cha ziwa Kivu. Katika miaka ya 1960 watafiti walikuta kule, zaidi upande wa kaskazini, watu wengi sana wenye goita, ule uvimbe wa shingo. Walikuta pia watu waliozaliwa na akili iliyochelewa sana na kimo kifupi. Sababu ilikuwa nini? Udongo na chakula vilikuwa na iyodi kidogo sana. Tena muhogo usiolowekwa vizuri unaongeza shida, ju unazuia mwili kutumia ile iyodi kidogo iliyopo. Mama akikosa iyodi wakati wa mimba, ubongo wa mutoto haujengeki inavyopaswa. Ndiyo maana leo chumvi inawekwa iyodi. Chumvi ya kawaida ya sosi inazuia jambo ambalo lingeweza kuitwa laana ya ukoo.

Sababu zingine munazijua, hata kama hamukuziunganisha: uzazi uliokawia mpaka mutoto akakosa pumzi, malaria iliyopanda kichwani, meninjite, manjano ya mutoto muchanga isiyotibiwa. Na trizomi 21 inatokea wakati chembe zinagawanyika vibaya, mbele hata mama hajajua ana mimba. Inaongezeka mama akiwa na umri mukubwa, lakini hata mama wa miaka 20 anaweza kuzaa mutoto wa namna hiyo.

Angalieni vizuri ile orodha. Mulozi hayumo. Laana ya shangazi haimo. Kosa la mama halimo. Lakini katika familia mingi baba anaondoka, mama anabaki na mutoto na aibu, na mutu fulani katika chumba cha maombi anasema mutoto huyo "anakula" bahati ya wengine. Kwetu hilo ni kosa la jinai. Katiba, artikle 41, inakataza kumushitaki mutoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto, artikle 160, inaweka kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 pamoja na faini. Watu wangapi katika avenue yako wanajua hivyo?

3. KUJUMUISHA SIYO KUHURUMIA

Huruma inampa mutu sahani ya chakula na inamuacha katika chumba cha nyuma. Kumujumuisha ni kumuhesabu ndani: ana jina, ana pahali pa kukaa, watu wanamungojea, na siku asipokuja wanauliza eko wapi.

Masomo ya kwanza tuliyomupeleka mudogo wangu ilimwambia mama: "Huyu atarudisha wengine nyuma, mumupeleke kwa wenzake." Wenzake ni nani? Wenzake ni watoto wa avenue ambao alikuwa anacheza nao kila siku. Miaka miwili kisha, mwalimu mumoja wa masomo ingine alimukubali. Alimukalisha mbele, alimupa kazi fupi fupi, na alimuacha arudilie darasa bila kumuchekelea. Hakupata diplome. Lakini anasoma majina yetu wote, anaimba katika korali, na anatofautisha noti ya 500 na ya 5000. Muuza makala hawezi kumudanganya.

Vituo maalum tunavihitaji. Hapa Bukavu kuna Heri Kwetu, kule Goma kuna Shirika la Umoja, na familia mingi zinavishukuru. Lakini kituo kinapaswa kumutayarisha mutu kuishi katikati ya watu. Kisiwe pahali pa kumuficha ili avenue ipumuzike.

4. SHERIA IPO, LAKINI INASEMA KIFARANSA

Kongo haikosi maandishi. Katiba ya 2006, artikle 49, inasema mutu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya moyo. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitangazwa sheria ya msingi namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu.

Sasa fikiri mama anayeuza sambaza pa soko. Anazungumuza Mashi na Kiswahili. Sheria yote inayomulinda mutoto wake imeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria. Kati ya huyo mama na ile karatasi, nani amesimama? Ni sisi. Tulilipiwa minerval na watu wa namna yake ili tujue kusoma vile vitu.

5. MADIRISHA TATU

Kwangu mimi, utetezi siyo kwanza kushika mikro. Ni kusindikiza mutu mpaka ku dirisha ya ofisi na kusimama pale mpaka jibu litoke. Kuna madirisha tatu ambayo familia nyingi zinakwamia.

Dirisha ya kwanza ni ya etasivili. Mutoto anapaswa kuandikishwa ndani ya siku 90, na kuandikishwa ni bure. Lakini mutoto aliyefichwa haandikishwi. Siku 90 zikipita, inahitaji hukumu ya tribinali ya watoto, na hapo familia inaogopa na inaacha. Mutoto bila akti ya kuzaliwa, Leta haimujui. Msomi mumoja anaweza kumaliza jambo hili kwa kutembea mara chache na ile familia.

Dirisha ya pili ni ya masomo. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, kufuatana na artikle 43 ya Katiba. Ile artikle haisemi "isipokuwa wale wanaochelewa." Musiende kugombana na direkta, ana darasa la watoto wengi na mwalimu mumoja aliyechoka. Mumwendee na mapendekezo: mutoto akae mbele, ahojiwe kwa mudomo pahali pa kuandika, aanze na masaa machache, ndugu yake mukubwa amusaidie wakati wa pumziko. Kusema "hapana" mbele ya pendekezo ni nguvu kuliko kusema "hapana" mbele ya machozi.

Dirisha ya tatu ni ya kadi ya muchaguzi, ambayo kwetu inatumika kama kitambulisho. Bila kadi, namna gani utapata laini ya simu? Namna gani utafungua konti ya kutuma feza? Mwaka 2023, mudogo wangu akiwa na miaka 19, nilimupeleka kujiandikisha. Ajenti alimuangalia usoni, kisha akaniambia mimi: "Wa hivi hawachague." Nilimujibu kwa upole kwamba sheria ya uchaguzi inamuzuia mutu mwenye ukosefu wa akili wa jumla uliothibitishwa na munganga. Nikamuuliza: "Cheti cha munganga kiko wapi?" Alimuita mukubwa wake. Walisoma pamoja. Kisha wakamugeukia mudogo wangu na kumuuliza jina lake. Alilisema yeye mwenyewe, na ya baba na ya mama. Alipata kadi. Sikupiga kelele na sikutoa hata franka moja. Nilijua tu mustari mumoja wa sheria, na nilikuwa pale.

6. WAO WENYEWE WASEME

Kuna hatari moja kwetu sisi wasomi: kuzoea kusema pahali pao. Huko Oregon, Marekani, mwaka 1974, watu wenye ulemavu wa akili waliunda chama chao wenyewe, People First, maana yake "watu kwanza." Walichoka kuona wengine wakikutana juu yao bila wao. Kwetu pia inawezekana, kama tutafuata mambo madogo. Ongea na mutu mwenyewe, siyo na mama aliyesimama nyuma yake. Tumia sentenzi fupi. Uliza jambo moja, kisha ngoja. Hata kama dakika inapita, ngoja. Mutu mukubwa wa miaka 30 usimuite "katoto." Na maneno kama "zoba" yatoke katika vinywa vyetu, hata kwa mizaha.

Kisha kila mumoja aangalie fakulte yake. Wa sheria wajue yale madirisha. Wa medisini wamueleze mama ukweli siku ya kuzaa, kwa Kiswahili na bila kumuogopesha. Wa pedagojia watayarishe masomo ya polepole. Wa ekonomia wafikiri kazi ndogo ambazo watu hawa wanaweza: kupanga bidhaa, kufuga kuku, kushona, kuosha.

Nimalizie na jambo ambalo wazazi hawasemi mbele ya wageni. Ukikaa nao mpaka jioni, mama ao baba atakuambia anaogopa kufa. Hajiogopei yeye. Anajiuliza nani atamubakia mutoto huyu. Na katika Kivu hii ya kukimbia kila mara, anajiuliza tena nani atamushika mukono siku ya risasi. Hakuna sheria inayoweza kujibu ile swali peke yake. Jibu ni avenue inayomujua mutu kwa jina, shefu wa kartie anaye naye ku liste, kanisa linaloona kiti chake kikiwa wazi, na karatasi zake zikiwa sawa katika mufuko wa plastiki. Vitu hivyo vinajengwa wakati wazazi wangali wazima. Kama katika avenue yako kuna mulango unaobaki umefungwa, anza na kubisha hodi pale.