Mguu wa Mtoto na Spoki za Baiskeli

Wengi wetu mjini hupeleka watoto shuleni au kanisani kwa baiskeli. Mtoto hukaa kwenye keria, miguu ikining'inia. Baba akikata kona ghafla kukwepa daladala, mguu huingia kwenye spoki, na kisigino hubanwa kati ya spoki na fremu.

Jeraha hili hudanganya. Siku ya kwanza laweza kuonekana mchubuko tu. Lakini ngozi iliyobanwa hukosa damu, na baada ya siku chache hugeuka nyeusi na kufa. Mfupa nao waweza kuwa umevunjika.

Mguu ukinaswa, simamisha baiskeli mara moja. Usiuvute kwa nguvu; rudisha gurudumu nyuma taratibu, au kata spoki. Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi, uinue mguu. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anatembea, achunguzwe mfupa na kukingwa na pepopunda.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mwombe fundi afunge kiti chenye mahali pa kukanyagia, na azibe spoki pande zote mbili kwa plastiki ngumu. Mtoto avae helmeti na viatu vinavyofunika kisigino, akae ameelekea mbele, si upande. Kazi ya fundi huisha siku moja. Kidonda cha kisigino huchukua wiki nyingi.